Salamu kwa Mwenye Ufunguo

Kila nilipoulizwa redioni kama mwanamuziki anafaa kuimba siasa, nilikuwa na jibu langu tayari, limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi: "Mimi naimba mapenzi, siasa nimewaachia wenye makoti." Nikishasema hivyo nacheka kidogo, mtangazaji naye anacheka, tunaweka wimbo. Jibu hilo nimelivaa miaka kumi na minane na halikuwahi kunichanikia mbele za watu, mpaka lilipochanika sebuleni kwangu, Jumapili alasiri, nyumba ikiwa imejaa.

Kwa asiyenijua, na sijui alikuwa amejificha wapi, mimi ndiye Mama Salamu. Sauti yangu si ya ajabu. Kuna wanawake wanafua uani wanaimba kunishinda, nami huwa nawafungia dirisha. Watu wananipendea salamu. Katikati ya kila wimbo wangu, gitaa likishachukua usukani na ngoma zikapoa, naacha kuimba na kuanza kutaja watu. Mama Kioski wa kona ya pili, popote ulipo, salamu zako. Fundi Jokofu, bingwa wa baridi, salamu zako. Shangazi wa saluni, dereva wa lori la mchanga, wote mtaani wametajwa, na kuna watu wamenuniana miaka kwa sababu mmoja alitajwa kabla ya mwingine. Wimbo usio na salamu, kwangu mimi, ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

Na aliyetajwa kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Chuma. Jina hilo walimpa vijana wake kwa namna anavyotembea, hageuzi shingo. Nilimsalimia kwenye nyimbo ishirini na tatu. Alikuwa ameninunulia spika mbili zenye urefu wa mtu, na kila alipofungua kitu, iwe daraja, choo cha shule au mzani wa soko, aliyeimba ni mimi. Hiyo sikuihesabu kuwa siasa. Niliihesabu kuwa adabu.

Sasa Jumapili hiyo. Mama Kioski alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, mahali pake pa siku zote, kwa sababu kutoka pale anaona mlango na barabara kwa pamoja. Fundi Jokofu alikuwa amelala chini nyuma ya jokofu langu, siku ya tatu hiyo, na mimi nilishajua kwamba jokofu halikuwa na ugonjwa wa siku tatu. Alikuwa anangoja habari zikamilike. Tulikuwa katikati ya habari ya mwalimu mkuu na nyumba ya pili aliyoijenga kimyakimya, mdogo wangu alipoingia.

Mdogo wangu ni mkunga katika kituo cha afya cha hapa kwetu. Alikuwa bado amevaa sare. Akavua viatu, akakaa, akaniwekea barua mapajani.

"Mbona uso umefunga hivyo," nikamuuliza. "Nani kafa?"

"Bado. Mimi ndio niko njiani."

Mama Kioski alishaichukua barua. Ana mkono mwepesi kwenye karatasi za watu. Akasoma kwa sauti: mdogo wangu anatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa saa nne asubuhi, kujibu tuhuma za kuchafua taswira ya kituo, na akikutwa na hatia ataachishwa kazi.

"Taswira ndiyo kitu gani?" Fundi Jokofu akauliza kutoka nyuma ya jokofu.

"Picha," nikamwambia.

"Kile kituo? Picha yake ilishakuwa na madoa toka zamani. Yeye kaongeza nini?"

Alichoongeza ni barua. Alikuwa ameandika kwa wakubwa wa afya kwamba wodi ya kujifungulia haina maji mwezi wa tatu sasa. Wanawake wanakuja na uchungu mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili. Na kwamba pampu mpya ipo. Imeshafungwa, imejaribiwa, imetema maji mafundi wakapiga makofi, kisha ikafunikwa turubai la bluu na kibanda chake kikatiwa kofuli. Ufunguo uko ofisini kwa Mheshimiwa Chuma, kwa sababu Mheshimiwa hajapata siku ya kuja kukata utepe.

"Dada," mdogo wangu akasema, "imba hii habari."

Nikachukua jibu langu kutoka kabatini. "Mdogo wangu, mimi naimba mapenzi. Siasa nimewaachia..."

"Tarehe ya kwanza ya kufungua pampu ilikuwa lini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ilikuwa ile Jumamosi uliyosema una harusi."

Jokofu, ambalo siku tatu lilikuwa kimya kama maiti, likachagua dakika hiyo kuunguruma.

Nilikumbuka vizuri. Katibu wa Mheshimiwa alinipigia akasema kuna shughuli ya pampu, Mheshimiwa anataka muziki. Nikamwambia Jumamosi hiyo nimebanwa, wasogeze mbele, pampu haiozi. Neno hilo ni langu, pampu haiozi. Tulicheka wote wawili. Wakasogeza. Mheshimiwa akasafiri, akarudi akaugua mafua, akapona akasafiri tena, na utepe ukabaki kwenye droo.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Sikuja kukulaumu," mdogo wangu akasema, na alikuwa amekuja kunilaumu, namjua tangu akiwa na meno manne. "Sitaki hata uniokoe. Nataka mtu wa pili aseme. Nimechoka kuwa peke yangu na karatasi yangu."

Alipoondoka, Mama Kioski akashusha pumzi. "Huyo amekubana mahali pabaya."

"Amenibana."

"Utaimba?"

"Nitaimba," nikasema. "Lakini kwa akili."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kila ninapofanya jambo kwa akili huwa nalijutia.

Nilikaa kuandika mpaka wageni wakanywa chai peke yao. Nataka mjue nilivyokuwa mwangalifu. Nilitaka wimbo ambao mdogo wangu akiusikia aseme dada yangu jasiri, na Mheshimiwa akiusikia aseme wimbo mzuri huu, unahusu nchi gani? Nikaandika: mama ana mtoto tumboni, dumu la maji kichwani. Huo ulikuwa mstari mkali, ukanitisha mwenyewe. Nikauwekea kiitikio cha kuupooza: sijui ni wapi, sijui ni nani, mimi naimba tu. Kila baada ya mstari mmoja wa ukweli wimbo unaomba radhi. Nadhani ndio wimbo wa kwanza wa kulalamika unaopiga magoti.

Jumatatu nikaenda studio. Studio ya Kidole ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na moja bado lina alama ya mahali mtoto alipokojoa. Kidole tunamwita hivyo kwa sababu kompyuta nzima anaiendesha kwa kidole kimoja, cha shahada, vingine tisa vinatazama.

"Habari gani leo," akaniuliza, "mapenzi yanauma au yananoga?"

"Leo ni jambo la jamii."

Akanitazama. "Unaumwa?"

Akaweka mdundo. Nikavaa spika za masikioni, nikafumba macho, nikaimba. Na niseme ukweli, niliimba vizuri. Niliwaza yale madumu, niliwaza mdogo wangu na ile barua, sauti ikapata kitu ambacho kwa kawaida haina. Kidole akanyoosha kidole juu, ndiyo ishara yake ya kuridhika. Gitaa likachukua usukani. Ngoma zikapoa. Nilikuwa bado nimefumba macho, machozi yananilengalenga, moyo umejaa.

Tulipomaliza tukasikiliza mara moja, nusunusu, kwa sababu mteja mwingine alikuwa anagonga mlango. Kidole akasema uko sawa. Nikasema uko sawa. Kesho yake asubuhi wimbo ukawa kwenye simu za watu, na mimi nikawa saluni kwa shangazi, nimekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, nikingoja sifa.

Mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, umemsalimia."

"Nimemsalimia nani?"

"Sikiliza wimbo wako."

Nikaomba simu ya shangazi, nikasikiliza chini ya ile mashine. Mama ana mtoto tumboni. Dumu la maji kichwani. Sijui ni wapi, sijui ni nani. Gitaa. Kisha sauti yangu mwenyewe, tamu, imelegea, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Mama Kioski wa kona ya pili, salamu zako. Fundi Jokofu, bingwa wa baridi, salamu zako. Wakunga wote wa zamu, salamu zenu. Na wewe Mheshimiwa Chuma, mlezi wa wasanii, baba wa maendeleo, popote ulipo, salamu zako."

Siku mbili nilikuwa nimekwepa jina la yule mtu kama ninayeruka dimbwi. Halafu nikalitaja kwa raha zangu, na vyeo vyake vyote, huku nimefumba macho. Miaka kumi na minane mdomo umezoea. Gitaa likianza pale, mimi naondoka na mdomo unabaki kazini peke yake. Na Kidole hakusikia kitu, kwa sababu kwake hizo salamu ni kama feni ya studio. Feni ingezima ndipo angeshtuka.

Nilitoka saluni nusu ya kichwa imekauka. Nilikuwa naenda nyumbani kujifungia, lakini sikufika. Muuza magazeti alinisimamisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Salamu. Umemtaja mtu kwa jina. Mchana kweupe."

"Ah," nikasema.

"Sisi wote tunasema wakubwa, wahusika, mamlaka. Wewe umesema Chuma. Na yale maneno, baba wa maendeleo, ulivyoyasema kwa utulivu. Umemkata bila damu."

Nilifungua mdomo kumweleza. Kisha nikaona watu wawili wamesimama kusikiliza, na wa tatu anakuja. Mimi watu watatu wakishasimama siwezi kuwaangusha.

"Mtu lazima aseme," nikasema.

Mungu anisamehe. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimesema "mtu lazima aseme" mara saba, na mara ya mwisho niliisema nikitazama mbali. Jioni nilivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mama Kioski, ambaye ananijua, akanitazama kutoka kwenye mkono wa kochi.

"Wewe ulipitiwa."

"Nani kasema?"

"Umenitaja mimi kwanza, kama kawaida. Mtu anayekwenda vitani hasimami kumsalimia muuza kioski."

"Usiseme kwa watu."

"Nimeshamwambia Fundi Jokofu tu."

Maana yake mtaa mzima ungejua kabla ya Ijumaa. Lakini hata hilo halikunizuia kulala na furaha.

Furaha iliisha Jumatano saa nne asubuhi, Katibu wa Mheshimiwa alipobisha hodi. Ni mtu mpole, mwenye viatu vinavyong'aa mpaka unaona meno yako. Alikataa chai, hapo nikajua kuna jambo. Alikataa hata kukaa karibu na Mama Kioski, hapo nikajua ni kubwa.

"Mama, Mheshimiwa ameumia," akasema. "Si kwa hasira. Ameumia kama mzazi. Anasema, huyu nimemlea."

"Mwambie ilikuwa salamu tu. Ninavyomsalimia siku zote."

"Ndivyo nilivyomwambia. Sasa isemwe hadharani." Akatoa karatasi kwenye bahasha, imepigwa chapa. "Kesho saa tatu una nafasi kwenye kipindi cha asubuhi, tumeshaongea nao. Utasoma hii. Wimbo huu ni ubunifu wa kisanaa na hauhusu mahali popote wala tatizo lolote lililopo. Basi. Unacheka, wanaweka wimbo mwingine."

"Na mdogo wangu?"

Akapangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye mkono wa koti. "Kamati ina masikio kama watu wengine. Wanaamini yeye ndiye aliyekupa maneno. Kesho ukisema hivi, Ijumaa watakunywa chai, watamwambia asirudie, atarudi kazini. Usiposema, mimi sijui."

Alipoondoka niliisoma ile karatasi mara tatu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa karibu sawa na jibu langu la siku zote, ila hili lilikuwa na muhuri.

Nikaenda kituoni kumwambia mdogo wangu kwamba nimemwokoa.

Sikuwa nimeingia wodi ile tangu nizae mtoto wangu wa mwisho. Ukutani yalikuwa madumu kumi na mawili, yamepangwa mstari, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu nzito, kama mabegi ya shule. Mama mmoja mzima, amejifungua asubuhi ile, alikuwa amejiinua kwa kiwiko akichungulia kama lake limepunguzwa. Mdogo wangu alikuwa ananawa mikono juu ya beseni. Muuguzi mwenzake alimmiminia kwa kikombe, vikombe viwili, kisha akasimama. Viwili ndio mgao. Nikatazama dirishani. Nyuma ya jengo, hatua thelathini hivi, turubai la bluu.

Nikampa karatasi. Akaisoma huku mikono inachuruzika.

"Hauhusu mahali popote," akasema. "Sasa mimi nimeandika barua kuhusu wapi?"

"Kazi yako itapona, mdogo wangu. Ndicho ninachotazama mimi."

"Itapona, na mimi nitakuwa mwongo. Kwa sauti ya dada yangu, redioni, saa tatu asubuhi." Akairudisha karatasi imelowa pembeni. "Mwanamke akija hapa ananiamini kwa sababu nikimwambia sukuma, anajua ni wakati wa kusukuma. Nikishakuwa mwongo wa redioni, nikimwambia sukuma atauliza, kweli?"

"Na wakikufukuza?"

"Wakinifukuza nitalia, nikimaliza nitakuja kukaa kwako, kwani nyumba yako si haiishi watu." Akachukua taulo. "Fanya unavyoona. Redio ya wodi huwa tunaiwasha asubuhi. Nitakusikiliza. Ila nakuomba kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Usimsalimie tena."

Alhamisi nilivaa vizuri kuliko inavyohitajika redioni. Mtangazaji wa kile kipindi ana sauti ya mtu wa kilo mia, ukimwona ni mwembamba kama waya wa maikrofoni yake, na hukaa studio na ndala. Karatasi ilikuwa kwenye pochi. Nilikuwa nimeamua kuisoma. Nataka hilo lieleweke, maana kuna watu wanasimulia kama niliingia pale nimejifunga kibwebwe. Niliingia nimeamua kuisoma, mdogo wangu apate kazi yake, anune mwezi mmoja, yapite.

Nilichosahau ni desturi ya kile kipindi. Mwanamuziki akija, mtangazaji anaweka zile salamu za kwenye wimbo, anasimamisha jina moja moja, na wewe unaeleza huyo ni nani. Watu wa mtaani wanakipenda kwa hilo. Nimekwenda pale mara nyingi nikasifia watu mpaka wakalia.

"Mama Kioski," akasimamisha. "Huyu nani?"

"Huyo ndiye anayejua mambo yetu yote na bado anatusalimia."

"Fundi Jokofu?"

"Huyo anatengeneza vitu polepole ili asikose mazungumzo."

"Wakunga wa zamu?"

"Hao ni wakunga," nikasema, nikaishika pochi.

"Na huyu, Mheshimiwa Chuma, mlezi wa wasanii, baba wa maendeleo?"

Nikatoa karatasi. Nikaifungua. Ilikuwa imekauka na kukunjamana pale ilipolowa, neno "popote" limevimba. Nikasoma: "Wimbo huu ni ubunifu wa kisanaa na hauhusu..." nikasimama. Niliona ile redio ya wodi. Sijui kwa nini, sikumwona mdogo wangu, niliona redio, na yule mama aliyejiinua kwa kiwiko akilinda dumu lake. Alikuwa ananisikiliza mimi. Mtu amelala pale ananisikiliza mimi nikimwambia kwamba hayupo popote.

"Mama Salamu?" mtangazaji akasema. Redioni kimya cha pumzi tatu ni kirefu kama mwezi.

"Huyo nilimsalimia kwa mazoea," nikasema. "Sikukusudia. Nyinyi mlionishika mikono njiani, rudini mchukue sifa zenu, sikuwa jasiri, nilikuwa nimefumba macho. Nimemsalimia mara ishirini na nne, hata nikiamshwa usingizini nitamsalimia. Aliniletea spika."

Mtangazaji akacheka, akidhani tunaelekea kwenye wimbo.

"Ila kwa kuwa umeniuliza ni nani, nikueleze. Huyo ndiye mwenye ufunguo wa pampu ya kituo chetu cha afya. Pampu ni mpya. Iko nyuma ya wodi, chini ya turubai la bluu. Inangoja utepe. Wakati inangoja, wanawake wanazaa kwa maji ya dumu, yameandikwa majina, nimeyahesabu mwenyewe jana, kumi na mawili. Mkunga ananawa vikombe viwili. Mkunga mwenyewe ni mdogo wangu, kesho saa nne wanamweka kitako kwa sababu aliyaandika haya. Hakunipa maneno. Maneno nimeyaona."

Ndala moja ya mtangazaji ilikuwa imemtoka mguuni. Na mimi nikishaanza kusimulia hamna breki, mtaa mzima unajua.

"Na salamu nyingine zinifikie mimi mwenyewe, Mama Salamu. Siku ya kwanza ya utepe aliyeiahirisha ni mimi. Nilikuwa na harusi. Nilisema pampu haiozi. Popote nilipo, salamu zangu. Na Mheshimiwa Chuma, hii sasa ni ya ishirini na tano, na hii nimefumbua macho."

Waliweka tangazo la magodoro.

Nyumbani nilikuta sebule imefurika kama matangani. Nilipita katikati yao nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na pochi mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nyumba yangu ilikuwa imejaa na mimi sikutoka. Nilikuwa nimemfukuzisha kazi mdogo wangu. Niliona kabisa akiingia na sanduku lake.

Mama Kioski ndiye aliyefungua mlango, saa nane mchana, bila kubisha.

"Wamefungua."

"Nini?"

"Kibanda. Katibu kaja mwenyewe na ufunguo, na vile viatu vyake. Kafungua, kawasha, kaondoka mbio kama aliyekuja kuiba. Maji yametoka, mwanzo yalikuwa mekundu, sasa meupe. Turubai kaondoka nalo."

Ijumaa tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, mimi, Mama Kioski na Fundi Jokofu, ambaye alikuja na sanduku lake la vifaa na hakuweza kueleza ni la nini. Dirisha lilikuwa wazi. Kwa hiyo hatukusikiliza kwa kuiba, tulisikia tu, tukiwa tumesogeza benchi.

"Barua yako inasema wodi haina maji," mwenyekiti wa kamati alikuwa anasema. "Nimetoka kunawa sasa hivi. Maji yapo. Kwa hiyo barua ni ya uongo."

"Tazama tarehe, mwenyekiti," mdogo wangu akasema.

Karatasi zikapekuliwa.

"Tarehe ni ya mwezi uliopita," sauti nyingine ikasema.

"Na maji?"

"Maji ni ya jana."

Mwenyekiti akakohoa. "Hata hivyo hukufuata ngazi."

"Nilizifuata, mwenyekiti. Barua ya kwanza ni kwako. Nakala ninayo."

Fundi Jokofu akanipiga kiwiko, nusura aniangushe. Ndani walinong'ona muda mrefu. Walipomaliza walimpa onyo la maandishi, asirudie, na arudi zamu. Alipotoka alikuwa na ile karatasi ya onyo mkononi, anajipepea nayo. Alinipita mimi akamkumbatia Mama Kioski. Kisha akarudi kwangu.

"Nilikwambia usimsalimie."

"Nilijisahau."

"Tena," akasema, akaegemeza kichwa begani kwangu, kizito, kama alipokuwa mdogo.

Nisiwafiche yaliyofuata. Spika walikuja kuzichukua, na sebule sasa ina mwangwi. Harusi tatu zimeghairiwa, wenyewe wanasema wamepata msiba, wote watatu. Na pampu ilifunguliwa rasmi, ndiyo, wiki mbili baada ya kuanza kufanya kazi. Asubuhi hiyo walizima maji kwa saa moja ili Mheshimiwa aje ayawashe. Mdogo wangu alishajaza ndoo zote.

Sikualikwa. Aliyealikwa kuimba ni msichana aliyekuwa akiniitikia kwenye jukwaa, na sauti yake ni nzuri, sitaki kulizungumza. Lakini kabla hajapanda walipiga wimbo wangu. Si wote. Walikuwa wamemwomba Kidole awakatie kipande, naye aliniomba ruhusa, nami nilimpa kwa udadisi wangu. Kwa hiyo nikiwa dirishani mwa wodi niliisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika zangu, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi: Mheshimiwa Chuma, mlezi wa wasanii, baba wa maendeleo, popote ulipo, salamu zako. Gitaa. Mheshimiwa Chuma, mlezi wa wasanii. Akakata utepe bila kugeuza shingo. Watu wakapiga makofi. Bomba la wodi likakohoa, likatoa maji kama lilivyotoa jana yake.

"Dada," mdogo wangu akasema nyuma yangu. "Unacheza."

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa unagonga, kiuno kimeshaanza.

"Ni mazoea," nikasema.

Akaniwekea ndoo na fagio la deki mbele yangu. "Basi chezea huku. Anza chini ya vitanda."

Nikapiga deki wodi nzima, kutoka mlangoni mpaka dirishani, mdundo kwa mdundo, wanawake wakininyooshea kidole mahali nilipopitiwa. Na nakiri, kama mtaalamu, kile kipande kinafaa sana kupigia deki.